Tiketi za wazi au za faragha? Mwongozo kamili kwa jamii za programu huria Nyanda za Juu Kusini

Jamii nyingi za programu huria zinapofika kwenye mfumo wa tiketi, yaani mahali ambapo kila hitilafu au ombi huandikwa na kufuatiliwa, huanza kubishana juu ya jina la zana: GitHub, GitLab, Redmine au Trello. Ubishi huo unaweza kuchukua wiki nzima bila kufika popote, kwa sababu jambo linalotakiwa kuamuliwa kwanza ni nani aone nini, na kwa muda gani. Mkishakubaliana hapo, zana nyingi zinajiondoa zenyewe kwenye orodha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa vikundi vinavyotengeneza programu kwa pamoja huku msimbo ukiwa wazi: wanafunzi na wahitimu wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), vikundi vya vyuo vya Iringa, na watu wanaojitolea kwenye ushirika Njombe na Rungwe. Mfano tutakaotembea nao ni wa kubuni. Ni programu ya simu ya kuandikia maziwa kwenye vituo vya kukusanyia wilayani Rungwe. Waandishi wake wametawanyika Mbeya, Iringa na Njombe, na mawakala wanaoitumia wako vijijini ambako mtandao huja na kuondoka.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kila tiketi izaliwe wazi. Itakayofichwa iwe na sababu iliyoandikwa na tarehe ya kufunguliwa, isipokuwa ile inayomhusu mtu binafsi, ambayo haikupaswa kuwa kwenye mfumo wa tiketi za programu tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: pitieni mnachopokea sasa

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kusanyeni malalamiko na maombi ya miezi mitatu iliyopita kutoka kwenye kundi la WhatsApp, barua pepe na SMS. Yasomeni moja moja, wawili au watatu kwa pamoja, na kila moja mliandikie herufi.

Herufi W ni kwa yale yanayohusu programu yenyewe: hitilafu, ombi la kitu kipya, tafsiri iliyokosewa, kitufe kisichoonekana kwenye skrini ndogo. U ni upenyo wa usalama, yaani jambo ambalo mtu mbaya akilisoma leo anaweza kulitumia kesho. Kwa mfano, wakala akibadilisha tarakimu ya mwisho kwenye anwani ya ukurasa anaona salio la mkulima mwingine. B ni taarifa binafsi: namba ya simu, namba ya NIDA, kiasi alicholipwa mtu, picha ya daftari lenye majina. M ni migogoro kati ya wanachama, ikiwemo malalamiko ya kusumbuliwa au kutukanwa.

Mkimaliza mtaona kwamba W imejaa ukurasa na nyingine ni chache. Huo ndio uwiano wa kawaida, na ndiyo sababu kufunga mfumo mzima kwa ajili ya U chache ni hasara. Angalieni pia kitu kimoja ambacho wengi hukipita: ujumbe mwingi una W na B ndani yake kwa pamoja. Mtu ameripoti hitilafu halisi, ila ameambatanisha jina na namba ya mkulima. Ujumbe wa namna hiyo haufichwi wote. Unaandikwa upya bila jina, kama tutakavyoonyesha mbele.

M ziondoeni kwenye mjadala huu mara moja. Mgogoro wa watu hauingii kwenye mfumo wa tiketi, hata wa faragha, kwa sababu kila msimamizi wa mfumo anauona, na huenda mlalamikiwa ni mmoja wao. Teueni watu wawili wa kupokea malalamiko hayo, mmoja wao akiwa mwanamke, wasiotoka chuo au ofisi moja, na muandike kwenye kanuni zenu jinsi ya kuwafikia.

Kwa nini wazi iwe ndiyo kawaida

Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, uliandika kwenye Mkataba wake wa Kijamii wa mwaka 1997 kwamba hautaficha matatizo, na kwamba hazina yake yote ya taarifa za hitilafu itabaki wazi kwa umma muda wote. Mradi huo hadi leo unaendeshwa na watu wa kujitolea waliosambaa duniani, na uwazi huo ni sehemu ya sababu za kudumu kwake.

Kwa kikundi cha Mbeya faida zinaonekana haraka. Wakala wa Tukuyu akitafuta tatizo lake anakuta limeshaandikwa, hivyo haandiki jipya. Mwanafunzi mpya anasoma tiketi zilizofungwa na kuelewa kwa nini jambo fulani lilifanywa hivyo. Mwandishi mkuu akihitimu na kupata kazi Dodoma, kumbukumbu hazihami naye. Hili la mwisho ndilo linaloua miradi mingi ya vyuoni. Tiketi zinakuwa kwenye akaunti binafsi iliyofungwa, mwenye akaunti anaondoka, na wanaobaki wanaanza upya.

Kuna sababu za kuficha ambazo mtazisikia na ambazo tunashauri mzikatae. "Mfadhili ataona tuna hitilafu nyingi." Mfadhili anayejua kazi huangalia hitilafu zinafungwa kwa kasi gani, na orodha tupu ndiyo inayomtia shaka. "Bado hatujakamilisha, tutafungua baadaye." Baadaye hiyo ni ngumu kuliko sasa, na sehemu ya mwisho ya mwongozo inaeleza kwa nini. Aibu haiwi sababu ya kuficha tiketi.

Hatua ya pili: jueni zana inaficha nini

Hapa ndipo zana zinapotofautiana kweli. Nyingine huficha mradi mzima, nyingine huficha tiketi moja moja.

GitHub ni ya kundi la kwanza. Tiketi zinafuata hali ya repo, yaani hazina inayotunza msimbo wa mradi: repo ikiwa wazi, tiketi zote ziko wazi, na hakuna kitufe cha kuficha moja. Repo za faragha zenye wanachama bila kikomo zimekuwa bure tangu Aprili 2020, kwa hiyo gharama si hoja tena. Kwa ajili ya U, GitHub imeweka njia ya pembeni ya kuripoti upenyo kwa siri kwenye repo ya wazi, ambayo imekuwa ya kila mtu tangu Aprili 2023.

GitLab inaficha tiketi moja moja. Anayeandika anaweka tiki kwenye kisanduku cha usiri, na tiketi hiyo inaonekana kwa aliyeiandika, aliyekabidhiwa, na wanachama wenye ngazi ya Planner kwenda juu. Wakala asiye na cheo chochote anaweza kuripoti kwa siri na akaendelea kuona majibu ya tiketi yake. Kwa vikundi vyenye mchanganyiko wa mawakala na waandishi, huu ndio mpangilio tunaoupenda zaidi. Angalizo ni moja: kwenye huduma ya bure ya GitLab.com, kundi la juu, lile linalobeba miradi yenu, likiwa la faragha linabanwa kwa watumiaji 5. Likiwa wazi halibanwi. Basi kundi lifunguliwe wazi, kisha usiri uwe wa tiketi.

Redmine, inayopatikana tangu 2006, nayo inaficha tiketi moja moja, na unaiweka kwenye seva yenu wenyewe. Ni nyepesi: seva ya kukodi yenye RAM ya GB 2 inatosha kikundi kidogo. GitLab ya kujiwekea wenyewe inataka RAM mara kadhaa ya hiyo. Forgejo na Gitea, zana nyingine mbili za kujiwekea wenyewe, ni nyepesi pia, lakini faragha yao mpangieni kwa repo nzima.

Trello na Jira zisiwacheleweshe. Mpango wa bure wa Trello unaishia watu 10 kwenye eneo moja la kazi, na wa Jira watumiaji 10. Jamii ya wazi haina idadi ya watu inayojulikana mapema.

Kuhusu kuweka seva ofisini, mathalani kwenye chumba cha kikundi Soweto (Mbeya) au Kihesa (Iringa): umeme ukikatika, mfumo wa tiketi unazimika pamoja na programu, na huo ndio wakati mawakala wanataka kuripoti. Kodini seva, na jiwekeeni wenyewe kama tu mna watu wawili wanaoweza kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu. Redmine inahitaji nakala ya vitu viwili, hifadhidata na folda ya *files* yenye viambatisho. Wengi huhifadhi hifadhidata peke yake, kisha siku ya kurudisha wanakuta tiketi zipo na picha zote hazipo. Jaribuni kurudisha kila baada ya miezi mitatu.

Hatua ya tatu: wekeni milango miwili

Kwenye GitHub, fungueni kwanza akaunti ya shirika, si ya mtu, na iwe na wamiliki watatu wasiopungua. Repo ya wazi iwe humo. Ingieni Settings, kisha sehemu ya usalama, na muwashe *Private vulnerability reporting*. Baada ya hapo mtu yeyote mwenye akaunti akifungua kichupo cha Security ataona kitufe cha *Report a vulnerability*.

Kisha andikeni faili la SECURITY.md, kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake. Liseme mambo manne: nini kihesabiwe upenyo, wapi pa kuripoti, mtajibu ndani ya siku ngapi, na mtafichua lini. Nusu ukurasa unatosha.

Hatua inayofuata hurukwa mara nyingi, na madhara yake huonekana siku tiketi ya upenyo inapoandikwa hadharani kwa nia njema. Ndani ya folda ya .github/ISSUE_TEMPLATE wekeni faili la config.yml lenye mstari *blank_issues_enabled: false*, na chini yake *contact_links* yenye kiungo kinachopeleka kwenye ukurasa wa kuripoti upenyo. Anayebonyeza kitufe cha tiketi mpya atakutana na chaguo tatu: "Kuna kitu kimeharibika", "Naomba kitu kipya", na "Nimeona njia ya mtu kuona au kubadili taarifa zisizo zake". Maneno ya hilo la tatu yawe marefu namna hiyo. Mkiandika "ripoti ya usalama" peke yake, wakala hatajua kwamba kuona salio la jirani ni jambo la usalama.

Kwenye GitLab, kazi ni fupi zaidi. Fungueni mradi wa wazi, wapeni ngazi ya Planner au zaidi wale tu wanaotakiwa kuona siri, na wengine wabaki Guest. Kosa la kawaida ni kumpandisha cheo kila anayesaidia ili "aweze kufanya kazi", mpaka siri inaonekana na watu 20. Washeni pia Service Desk: inawapa anwani ya barua pepe, na kila kinachotumwa hapo kinageuka tiketi ambayo kwa kawaida huzaliwa ikiwa ya siri. Hiyo inawafaa mawakala wasiotaka kufungua akaunti.

Kwenye Redmine, angalieni kila cheo kwenye ukurasa wa ruhusa. Kuna mpangilio wa tiketi zinazoonekana wenye chaguo tatu: zote, zote zisizo za faragha, au zile alizoandika au kukabidhiwa mtu mwenyewe. Vyeo viwili vilivyojengwa ndani, *Anonymous* na *Non member*, wekeni kwenye chaguo la pili. Msimruhusu Anonymous kuandika tiketi, kwani matangazo ya ovyo yatajaa ndani ya siku chache.

Zana yoyote mtakayochagua, msiseme imekamilika kabla ya kufanya jaribio hili. Fungueni kivinjari kwenye dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti, na mtembelee mfumo kama mgeni. Kisha ingieni na akaunti ya mtu asiye mwanachama. Andikeni tiketi ya siri ya majaribio, na mtafute kichwa chake kwa kutumia kisanduku cha kutafutia. Kisipatikane.

Hatua ya nne: mnapopokea upenyo

Tuseme wakala ameripoti kwa siri kwamba tarakimu ikibadilishwa anaona salio la mwingine. Jibuni ndani ya siku tatu, hata kama hamjapata suluhisho. Jibu liwe la heshima na lenye tarehe: "Habari za kazi ndugu. Tumepokea taarifa yako na tumeona kweli tatizo lipo. Tunalitengeneza; tutakuandikia tena Ijumaa. Tafadhali usilieleze kwenye kundi mpaka toleo jipya litoke. Asante sana kwa kutuambia." Bila jibu la namna hiyo, mtu anaamini amepuuzwa, na kesho yake ataliweka kwenye kundi la watu 200.

Pangeni siku ya mwisho papo hapo. Timu ya Project Zero ya Google hutumia siku 90. Wasambazaji wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wanaoshirikiana taarifa za siri hujibana kwa siku 14. Kikundi kidogo chenye programu moja kinaweza kuchukua siku 30, ila namba iandikwe kabla ya tukio. Tarehe inayopangwa baada ya tukio husogezwa kila wiki.

Marekebisho nayo yafanyike kwa siri. Hapa ndipo siri nyingi huvuja: tiketi imefichwa vizuri, lakini tawi (nakala ya msimbo inayofanyiwa kazi pembeni) lenye marekebisho limewekwa kwenye repo ya wazi likiwa na jina "rekebisha-kuona-salio". GitHub inatoa nakala ya muda ya faragha ndani ya taarifa ya upenyo. Itumieni, mkijua kwamba majaribio ya kiotomatiki hayaendeshwi humo, hivyo mtayaendesha kwenye kompyuta zenu. Kwenye GitLab tengenezeni nakala ya faragha ya mradi na mfanyie kazi humo. Ujumbe wa kuhifadhi msimbo useme kilichobadilika bila kusema jinsi kilivyoweza kutumiwa vibaya.

Toleo likitoka, msifungue tiketi siku hiyo hiyo. Simu za mawakala hazisasishi programu mpaka mtu apate bando au apite mjini. Wapeni siku 14, angalieni ni vituo vingapi vimeshahamia toleo jipya, wapigieni waliobaki, ndipo mfichue. Kabla ya kuondoa usiri kwenye GitLab someni tiketi yote tangu mwanzo, kwa sababu maoni na historia yake vyote vinakuwa wazi kwa pamoja. Kama kuna namba ya simu au picha ya salio la mtu humo, tiketi hiyo iacheni ibaki ya siri na muandike nyingine ya wazi yenye muhtasari.

Kundi la WhatsApp ndilo mfumo wenu wa tatu

Mkubali msikubali, taarifa nyingi zitaingia kupitia WhatsApp. Kundi halina faida ya uwazi, kwa sababu anayejiunga leo kwa kawaida haoni ya jana. Halina faida ya faragha pia, kwa sababu kila mwanachama anaona namba za wote. Msijaribu kulipiga marufuku. Pangeni zamu ya karani wa tiketi, mtu mmoja kwa wiki, ambaye kazi yake ni kuhamisha.

Ujumbe ukija hivi: "Wakuu shikamooni, maziwa ya mama wa kituo cha juu yamejiandika mara mbili leo, lita 14 imesoma 28, namba yake hii hapa mumpigie," karani anaandika tiketi ya wazi:

Kichwa: Lita hujiandika mara mbili simu inaporudi mtandaoni.
Toleo la programu, aina ya simu, toleo la Android.
Kilichofanyika: wakala aliandika lita 14 bila mtandao, akabonyeza Hifadhi, mtandao ukarudi, akabonyeza tena.
Kilichotarajiwa: 14. Kilichoonekana: 28.

Mama hajatajwa, kituo hakijatajwa, namba haipo. Karani anarudi kwenye kundi na kiungo cha tiketi, na kumpigia wakala pembeni ili hesabu ya mkulima isahihishwe. Tiketi za Kiswahili zipokelewe kama zilivyo. Kumtaka wakala aandike Kiingereza ni kufunga mlango mliosema uko wazi.

Picha zina hatari yake. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, ila ikitumwa kama dokumenti zinabaki. Kateni sehemu ya skrini yenye hitilafu tu.

Kilichokwisha vuja

Ikiwa ufunguo wa huduma ya kutuma SMS, yaani nywila ambayo programu huitumia kuingia kwenye huduma hiyo, umebandikwa kwenye tiketi ya wazi, badilisheni ufunguo kwanza, dakika hiyo hiyo, kisha ndipo mfute. Kufuta peke yake hakusaidii: arifa za barua pepe zimeshatumwa kwa wote wanaofuatilia repo, na kuna roboti zinazosoma repo za wazi mchana na usiku.

Kuhariri maoni kwenye GitHub hakuondoi cha zamani. Juu ya maoni yaliyohaririwa panatokea neno *edited*. Akilibonyeza, mtu yeyote anaona toleo lililotangulia. Libonyezeni, chagueni toleo lenye siri, kisha kwenye Options mchague kulifuta kwenye historia. Na anayejibu tiketi kwa barua pepe aondoe saini yake kwanza, maana namba ya simu iliyo chini ya barua inaweza kuchapishwa pamoja na jibu.

Kwa taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Tiketi ya siri iliyo kwenye seva ya kigeni imeshasafiri. Ndiyo maana B haziwekwi kwenye mfumo hata zikifichwa. Zibaki kwenye daftari la ushirika lenye mwenye dhamana anayejulikana.

Mkihama

Msibadilishe repo ya zamani kutoka faragha kwenda wazi kwa kubonyeza kitufe. Tiketi zote, zilizofungwa na zilizo wazi, maoni, na historia yote ya msimbo vinatoka kwa pamoja, pamoja na nywila iliyowekwa humo miaka miwili iliyopita na kusahaulika. Tengenezeni repo mpya ya wazi, mlete msimbo wa sasa bila historia, kisha muandike upya tiketi zile tu ambazo bado zina maana. GitHub haiwezi kuhamisha tiketi kutoka repo ya faragha kwenda ya wazi, kwa hiyo kazi hii ni ya mikono. Tiketi 60 zikigawanywa kwa watu sita ni jioni moja.

Kurudi nyuma, kutoka wazi kwenda faragha, hakuwarudishii siri. Nakala ambazo wengine walishajichukulia zinabaki wazi, na nyota na wafuatiliaji mliowapata vinafutika.

Kila mwanzo wa muhula pitieni orodha ya wanaoona siri. Aliyehitimu na kuacha kazi ya mradi aondolewe, na anayeingia awe na uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu, si kwa SMS, kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Kisha pitieni tiketi za siri zilizopita tarehe yake, na kila moja ifunguliwe au iandikiwe sababu mpya na jina la aliyeamua.